Kitabu cha Nne Husomwa Kutoka Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, saa nne kasorobo, katikati ya somo la Hesabu. Paa la darasa letu ni la bati, kwa hiyo mwalimu alifundisha kwa vidole mpaka mapumziko.

Daftari hili alinipa dada siku alipoondoka kwenda chuo cha uuguzi. Alisema, "Mdomo wako umegandishwa kwa gundi, basi angalau mkono wako useme." Aliniachia pia boksi lake la manga, zile katuni za Kijapani. Ni vitabu tisa vya hadithi moja. Masharti yake: nisikunje kurasa, nisile huku nasoma, nisimwambie mama kwamba ni hadithi za mapenzi.

Ni za mapenzi kweli. Lakini mapenzi yenyewe sasa! Kuna mvulana mrefu na kuna msichana ambaye zamu yake ni kufuta ubao. Majina yao ni magumu, mimi nawaita Mrefu na Msichana wa Ubao. Kitabu kizima cha kwanza, kurasa mia mbili, Mrefu anatafuta namna ya kumwambia kwamba ana vumbi la chaki kwenye nywele. Hamwambii. Nimekisoma mara sita.

Leo nimekamatwa. Nilikuwa nimejibanza chini ya ngazi, mahali inaponing'inia kengele ya shule, kile kipande cha chuma kinachogongwa kwa nyundo. Nilisahau kwamba msichana anayeigonga hufika dakika mbili kabla. Yumo darasani kwetu, kidato cha tatu, na kila mtu anamwita Kengele. Hajawahi kuchelewa hata dakika moja. Walimu hurekebisha saa zao kwa nyundo yake.

"Wewe Kobe," akasema. (Kobe ni mimi, kwa sababu nikiulizwa swali jibu hufika kesho yake.) "Mbona unakisoma kitabu kutoka nyuma?"

Nikamwambia huku ndiyo mbele. Vinaanzia kulia kuelekea kushoto. Ukianzia tunapoanzia sisi, unaanzia mwisho.

"Aha," akasema. Akatazama saa, akagonga kengele, masikio yangu yakaziba. Halafu akanyoosha mkono. "Nipe nione."

Nikampa. Sijui kwa nini nilimpa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Kengele hajasema chochote.

Ijumaa, 7 Machi

Amekirudisha. Amekasirika kabisa.

"Kurasa mia mbili! Mia mbili, Kobe, na yule bwana hajasema hata 'una chaki kichwani'! Kwani analipishwa kwa neno?"

"Anatafuta wakati mzuri," nikasema.

"Wakati mzuri ulipita ukurasa wa kumi na mbili. Nilimpigia kelele mpaka bibi akaja kuuliza nagombana na nani."

Nikafikiri ndiyo basi. Akapiga hatua tatu, akarudi.

"Cha pili kiko wapi?"

Jumatano, 12 Machi

Cha pili kimekwenda na kimerudi. Sasa ana cha tatu. Tumeweka utaratibu: kitabu kinavalishwa jalada la Jiografia, kinapita chini ya dawati, hakitajwi. Sheria ya pili ni yake: ruksa kuandika pembeni kwa penseli, herufi ndogo, tuzifute baadaye. Ameandika mambo kama "SEMA BASI" na "Mama yangu!" Mimi huandika kabla ya kumpa, nikijua atafika wapi na atapandwa na hasira wapi.

Ni mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kuwa nayo na mtu asiye ndugu yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Viatu havikauki. Kengele ameniuliza, akiwa na nyundo mkononi, "Lakini wewe, mwanamume mzima, unapenda nini humu?"

Hakuwa ananicheka. Alitaka kujua. Nilisema "aa" na "yaani," kisha muda wake ukafika akagonga. Kwa hiyo najibu hapa.

Napenda kwa sababu hakuna anayemharakisha mtu. Katika filamu zinazooneshwa kwa jirani, watu hukutana, wanagombana, wanaoana, na bado hujamaliza karanga zako. Humu mtu akimsogezea mwenzake kiti, inachukua kurasa nane, na kila ukurasa unauhisi. Inanifanya niamini kwamba hata mtu mzito kama mimi ana nafasi. Kwamba kuna dunia ambayo ukichelewa, watu wanakungoja.

Sura ninayoipenda zaidi iko kwenye kitabu cha nne. Haina neno hata moja, ni picha tupu. Msichana wa Ubao amenyeshewa, analia (sababu iko kitabu cha tatu), anakimbilia stoo ya vifaa vya michezo. Mrefu yumo ndani anahesabu mipira. Anageukia ukutani asimtazame, anavua koti lake, analinyoosha nyuma ya mgongo wake. Msichana analipokea, analivaa. Wanaketi, ufagio katikati yao, wanasikiliza mvua. Inakatika. Wanatoka, kila mmoja mlango wake. Basi.

Penye picha ya koti, Kengele ataandika kitu, najua. Nimemtangulia: "Bado. Subiri."

Jumatatu, 17 Machi

Amekisoma. Chini ya maneno yangu ameandika: "Mpaka lini?" Anaomba akae nacho siku moja zaidi.

Jumanne, 18 Machi

Nitaandika yote.

Asubuhi kikokotoo cha mtu kilipotea. Saa tatu akaingia mwalimu wa nidhamu. Tunamwita Rula, kwa sababu hutembea nayo mfukoni na hupima kila kitu: nywele za wavulana, upindo wa magauni ya wasichana, umbali kati ya madawati. Akaamuru mikoba yote juu ya meza.

Kikokotoo kilikuwa ndani ya mkoba wa mwenyewe. Lakini kabla hakijaonekana, Rula alikuwa ameshafika dawati la Kengele na kushika Jiografia. Jiografia yake nyingine ilikuwa wazi mezani. Akatazama moja, akatazama nyingine. Akavua jalada.

Akaanza kufungua. Darasa zima tulisikia karatasi zikigeuzwa. Alifika kwenye stoo, nilijua kwa jinsi uso wake ulivyobadilika, akarudi nyuma, akasoma tena. Akaona maandishi ya penseli.

"Bado. Subiri," akasoma kwa sauti. "Mpaka lini." Darasa likapiga mluzi. "Kimya! Hiki ni cha nani?"

Mimi hukaa madawati mawili nyuma ya Kengele. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Maneno yalikuwa mawili tu, "ni changu," na yalikuwa yamefika hapa, kwenye meno. Nikafikiri: watacheka. Mvulana mwenye kitabu cha mapenzi, maua kwenye jalada. Watanicheka mpaka kidato cha nne.

Kengele akageuka kidogo. Alinitazama kama anavyotazama saa. Kisha akageukia mbele.

"Changu, mwalimu."

"Na mwandiko huu wa pili?"

"Sijui, mwalimu."

"Hujui nani anakuambia usubiri?"

Rula akafunga kitabu, akamwambia achukue mkoba wake.

Nilidhani ataketishwa nje ya ofisi, aandike barua ya kuomba radhi. Nadhani na yeye alidhani hivyo. Saa sita nilimwona anatoka getini kwenye mvua, sweta kichwani. Amesimamishwa masomo mpaka kamati ya nidhamu ikae, Ijumaa ya wiki ijayo. Shtaka: kuleta shuleni picha chafu, na kupanga mambo na mvulana asiyejulikana. Kiranja amesema shtaka la namna hiyo adhabu yake ni kufukuzwa.

Picha chafu! Nimekisoma kile kitabu mara labda kumi. Sijui Rula ameona nini.

Jumatano, 19 Machi

Sikusema. Kengele imegongwa na mvulana wa kidato cha pili, imechelewa dakika nne.

Alhamisi, 20 Machi

Sikusema. Dakika sita.

Nilifika mpaka mlango wa ofisi ya Rula. Nilisoma ratiba iliyobandikwa pale, yote, pamoja na tarehe na sahihi. Kisha nikaondoka.

Ijumaa, 21 Machi

Sikusema.

Jumamosi, 22 Machi

Mama ana cherehani yake kwenye chumba cha mbele, na Jumamosi mimi hupiga pasi nguo zilizokwisha. Asubuhi akaingia mama mmoja mtu mzima, viatu vyake ndani ya mfuko wa plastiki, miguu imelowa. Chini ya khanga alikuwa amekumbatia gauni la shule.

"Karibu, bibi, pole na mvua," mama akasema.

"Ahsante, mwanangu. Nina kazi ndogo tu. Nataka uniteremshie huu upindo. Ushushe wote uliopo."

Mama akaligeuza gauni. "Mbona urefu huu unafaa, bibi? Ukishusha zaidi litamfunga miguu."

"Limfunge tu. Ijumaa mjukuu wangu anakwenda kukaa mbele ya wakubwa shuleni. Yule mwalimu ana rula. Sitaki waseme na gauni nalo fupi."

Nilikuwa nimeshika pasi. Niliiacha juu ya shati la mtu mpaka nikasikia harufu.

"Amefanya nini?" mama akauliza, huku akinikata jicho kwa sababu ya shati.

"Wanasema amepeleka kitabu cha aibu. Nimemuuliza: ni chako? Ananiambia, bibi, nimeshasema ni changu, yaishe. Sasa hilo si jibu, mwanangu. Mimi nimemlea yule. Mtoto akiwa na kitu chake husema 'ni changu.' Hasemi 'nimeshasema.'"

Akanitazama. Labda alitazama shati tu. Nikasema "Shikamoo, bibi," nikiwa nimeshachelewa dakika kumi nzima, naye akaitika "Marahaba, baba," kwa upole ambao ulinichoma kuliko pasi.

Jumatatu, 24 Machi

Hili sitaki kuliandika.

Rula amekusanya insha za wavulana wote. Anataka kulinganisha mwandiko na ile "Bado. Subiri." Alitupa nusu saa tuandike insha kwenye karatasi, "Umuhimu wa Maji," kisha akapita akikusanya.

Mimi nina S yenye mkia. Kila mtu anaijua, mwalimu wa Kiswahili huiita mjusi. Leo niliikata mkia. Insha nzima, S zote, nikazilaza upande kama zimelewa. Niliandika kurasa mbili kuhusu maji kwa mkono wa mtu mwingine.

Kunyamaza nilikuwa nakuita woga, na woga nimezaliwa nao. Hili si woga. Hili nimelitenda, kwa mkono, kwa nusu saa, nikifikiri.

Jumanne, 25 Machi

Mvua haikukatika kutwa. Sikusema. Kengele ya kutoka haikugongwa kabisa. Tulikaa tu mpaka mtu akaona giza linaingia.

Nimekisoma tena kitabu cha tano. Humo ndimo Mrefu hatimaye anasema, na sentensi yenyewe ni fupi: "Una chaki kwenye nywele." Siku zote hapo mimi hulia kidogo. Leo nimemkasirikia. Nimekasirika kama Kengele. Nilitaka kumshika shingo.

Kisha nikarudi mwanzo kumtafutia makosa, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukitilia maanani. Kitabu cha kwanza, anafuta ubao asubuhi kabla msichana hajafika, ili asipate vumbi zaidi. Kitabu cha pili, mwalimu anamlaumu msichana kwa dirisha lililovunjika, na Mrefu anasimama. Hasemi kitu, anasimama tu, yeye peke yake darasa zima, mpaka mwalimu anaelewa. Kitabu cha nne, koti.

Kwa hiyo kuchelewa kwake ni kwa kusema tu. Hajawahi kumwacha peke yake hata ukurasa mmoja.

Nimekuwa nikijipa moyo kwamba nafanana naye. Sifanani naye hata kidogo.

Jumatano, 26 Machi

Nimekwenda kwao baada ya shule. Ni vyumba viwili nyuma ya ghala la saruji. Alikuwa barazani akichambua madaftari ya kuazima, ananakili masomo ya siku alizokosa. Hakunikaribisha. Bibi yake hakuwepo.

Nikasema pole. Nikasema sikutegemea ingefika huku. Nikasema sikulala vizuri. Alinakili mchoro mzima wa figo kabla hajainua kichwa.

"Kobe. Umekuja kuniomba radhi au kuniomba ruhusa?"

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kuendelea kunyamaza. Maana kama ni hiyo, sina. Ile ya siku ile nilikupa bure, kwa sababu nilijua watakucheka, na mimi nilifikiri nitakaripiwa tu. Nilikupa siku moja. Wewe umekaa nayo wiki."

"Nitasema."

"Usiniambie mimi." Akarudi kwenye figo. "Mimi nashika zamu ya kengele, Kobe. Najua muda ukipita unakuwaje. Haurudi ukagongwa upya."

Nilipofika barabarani niligundua nimeacha mwavuli wangu barazani kwao. Sikurudi kuuchukua.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemwambia mama.

Alikuwa anamalizia lile gauni. Nilisimama mlangoni, nikasema, "Mama, kile kitabu ni changu." Cherehani ikasimama. Haisimami mchana, hata umeme ukikatika huikanyaga kwa miguu.

"Kitabu gani?"

Nikamwambia yote, mpaka ile S. Alinisikiliza na sindano mdomoni. Alipoitoa akasema, "Kumbe upindo huu nashona kwa ajili yako." Akapitisha kidole kwenye mshono, na nilitamani anigombeze.

Kisha akasema, "Lete nione huo uchafu."

Cha nne kiko kwa Rula, nikamletea cha tatu. Akafuta mikono, akavaa miwani, akafungua. Alisoma kurasa tano au sita, uso umekunjamana.

"Mbona wanaanza kwa kuachana? Huyu binti anamkimbia, halafu wanakuwa marafiki, halafu hawajuani. Ni hadithi gani hii, inazidi kuharibika kila ukigeuza?"

"Mama, umeanzia mwisho."

"Nimeanzia mwanzo. Hii si ndiyo mbele?"

Nikakigeuza mikononi mwake. Hapo hapo nikaona. Nikaiona sura ya stoo kama alivyoiona Rula, kutoka kushoto: msichana na mvulana wanaingia stoo kwa milango miwili, kwa siri. Wanaketi. Amevaa koti la mvulana. Halafu amelivua. Halafu mvulana amegeukia ukutani. Halafu msichana analia, anakimbia peke yake kwenye mvua, nguo zimemganda mwilini. Na pembeni, kwa penseli: "Bado. Subiri." "Mpaka lini?"

Ningekuwa mimi Rula, na mimi ningemfukuza.

Mama alikuwa amefika ukurasa wa ishirini, kutoka kulia. "Huyu mrefu naye," akasema. "Si aseme."

Ijumaa, 28 Machi

Kamati ilikaa saa nne. Niliomba ruhusa darasani nikasema naenda chooni, nikaenda kukutana na mama getini.

Ofisi ya mkuu wa shule ni ndogo. Walikuwepo mkuu mwenyewe, ambaye ni mama mkavu asiyepandisha sauti, Rula, na mwakilishi wa wazazi, fundi bomba, mikono yake mikubwa imekaa juu ya meza kama vifaa alivyosahau kurudisha. Kengele alikuwa amekaa na bibi yake. Gauni lilimfika karibu na vifundo vya miguu. Kitabu cha nne kilikuwa katikati ya meza, jalada lake la Jiografia pembeni.

"Na ninyi?" mkuu akauliza.

Mama akanisukuma kidogo mgongoni kwa kidole. Kidole cha fundi cherehani, chenye nguvu.

Nikasema. Sikusema vizuri. Nilisema, "Kitabu. Ni. Mimi ndiye." Fundi bomba akaniambia, "Vuta pumzi, kijana." Nikavuta. Nikasema, "Kitabu ni changu. Nilimwazima. Aliyeandika 'Bado. Subiri' ni mimi. Yeye hana kosa lolote."

Sikumtazama Kengele. Nilisikia bibi yake akishusha pumzi ndefu.

Rula hakushangaa. Alifungua faili, akatoa insha ya maji na daftari langu la zamani aliloliomba kwa mwalimu wa Kiswahili, akayalaza sambamba. "Niliona tangu Jumanne," akasema. "Mvulana mmoja tu katika darasa zima alibadilisha mwandiko. Nilitaka kuona kama utakuja mwenyewe." Nilimwogopa miaka mitatu kwa sababu ya ile rula. Leo nilimwogopa kwa sababu alikuwa sahihi.

"Sasa kosa ni la wawili," akaendelea. "Mkuu, picha zenyewe hizi hapa." Akafungua kitabu kutoka kushoto, akaanza kuwaonesha, kidole kikitembea. "Wanaingia kwa siri. Anamvalisha nguo yake. Hapa ameshaivua. Hapa binti analia. Hapa ametupwa nje kwenye mvua. Na wanafunzi wetu wanaandikiana hapo hapo, subiri, mpaka lini."

Fundi bomba akatazama chini. Mkuu akavua miwani. Bibi yake Kengele akafumba macho.

"Mwalimu," nikasema, "samahani. Umeanzia mwisho."

Rula akanitazama kama ninamfanyia mzaha. Mama akasema kutoka mlangoni, "Kweli, mwalimu. Mimi mwenyewe jana niliingia kichwa kichwa."

Nilikwenda mezani. Nikakigeuza kitabu. Sikuwahi kuongea mfululizo hivyo maishani mwangu, na sauti ilikuwa inapasuka, lakini niliongea. Nikawaonesha: amenyeshewa, analia, ameingia kujikinga. Huyu yumo anahesabu mipira. Anageuka ili asimwone. Anavua koti, anampa bila kutazama. Analivaa. Wanaketi. Mvua inakatika.

"Ngoja," akasema bibi. Alikuwa amefumbua macho na kusogea mezani bila ruhusa ya mtu. "Hapa amemvua au amemvalisha?"

"Amemvalisha, bibi."

"Na amegeukia ukuta."

"Ndiyo, bibi."

"Na huu ni nini?"

"Ufagio, bibi."

"Wameweka ufagio katikati," fundi bomba akasema taratibu, kama anayesoma mita. "Mimi na mke wangu hatukuwa na adabu hiyo."

Mkuu hakucheka. Alikichukua kitabu, akageuza ukurasa uliofuata, wa kuelekea kushoto, kisha mwingine. "Halafu wanafanya nini?"

"Wanakwenda nyumbani, mwalimu."

"Na wanasemezana lini?"

"Kitabu cha tano."

Alikifunga. Akamwambia Rula kwamba shtaka la picha halipo. Rula alisimama. Alipitisha mkono usoni, akamgeukia Kengele na bibi yake, akasema, "Nimekosea kusoma. Naomba radhi." Alisema mara moja, wima, mbele yetu wote. Ilimchukua dakika moja kufanya jambo lililonichukua mimi siku kumi.

Kisha mkuu akanigeukia.

"Siku ngapi umenyamaza?"

"Kumi."

"Na huu mwandiko?"

Kwa mara ya kwanza sikutafuta kisingizio. Nimesimamishwa masomo wiki mbili, kwa udanganyifu. Kengele anarudi Jumatatu, na nyundo yake anarudishiwa.

Mama akasema ni haki. Na mimi naona hivyo hivyo.

Tulipotoka, mvua ilikuwa nyepesi. Bibi alinishika bega, akanipita. Kengele alipita akishikilia gauni lisiburuzike matopeni. Hakunitazama.

Jumatatu, 31 Machi

Kutoka kwetu, upepo ukivuma vizuri, shule inasikika. Saa mbili kamili: mapigo matatu, kituo, pigo moja. Ni yeye. Mama akatazama saa ya ukutani, akapanda juu ya kiti, akairekebisha.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimepiga pasi mashati kumi na manne. Mapigo yote kwa wakati.

Jumanne, 8 Aprili

Mama amefika kitabu cha sita. Anashona akizungumza peke yake. "Huyu mama wa mrefu ananikera," anasema. Dada amepiga simu; mama akamwuliza kwa nini aliniambia nifiche. Nilimsikia dada akianza kujitetea, na ilinifurahisha.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo hakukunyesha.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimerudi. Walicheka, kama nilivyojua. "Mzee wa mapenzi!" "Kobe, nifunike koti!" Ilidumu mpaka mapumziko ya saa nne, kisha mtu akachanikiwa na suruali wakaenda kumcheka huyo. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa. Saa mbili tu za kelele.

Ndani ya dawati langu palikuwa na mwavuli wangu, umekunjwa vizuri, na Jiografia. Nilijua kwa uzito wake kwamba si Jiografia. Mkuu alikuwa amemkabidhi Kengele kitabu, na yeye amekirudisha kwangu.

Nikafungua penye koti. "Bado. Subiri." "Mpaka lini?" Na chini yake, penseli mpya:

"Nataka cha tano. Uje uniletee mwenyewe, na useme. Siyo chini ya dawati."

Nilikuwa nacho mkobani. Nimekuwa nacho tangu asubuhi. Mapumziko ya mchana nilikishika mkononi, bila jalada, maua yake yote nje, nikavuka uwanja mzima. Watu waliona. Alikuwa chini ya ngazi, nyundo mkononi, anatazama saa.

"Zimebaki dakika mbili," akasema bila kugeuka.

Nikasimama. Nilikuwa nimeipanga sentensi njiani, ikapotea. Nikaanza nyingine. Nikasema, "Siku ile. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno." Nikasimama tena. Hakunisaidia. Nikasema, "Niliogopa kuchekwa, nikakuacha wewe uchekwe. Bibi yako alikuja kwetu na gauni nami nikaendelea kupiga pasi. Sikuombi useme si kitu. Ni kitu. Nilitaka tu ulisikie kutoka kwangu, siyo kwenye karatasi." Na mengine, ambayo sikumbuki, kwa sababu nilikuwa nasema huku natafuta, polepole, kama ninavyosema mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakichukua kitabu, akakigeuza upande wa kulia, akakiweka chini ya kwapa.

"Nimesikia," akasema.

Akainua nyundo. Mapigo matatu, kituo, pigo moja. Ng'ambo ya uwanja nilimwona Rula amesimama mlangoni, anatazama saa yake, anaitingisha, anaisogeza sikioni.

Leo, kwa mara ya kwanza, kengele yake imechelewa dakika moja.